Vyumba vitatu vya kusini: kisa cha ukungu katika loji moja ya Ilboru

Niliitwa kufunga viyoyozi vitatu. Kazi ilipokwisha sikuwa nimefunga hata kimoja, na kile kilichokuwapo tayari nilimwomba mwenye nyumba akipumzishe mpaka Januari. Naandika kisa hiki kwa urefu wake kwa sababu tangu hapo nimeingia nyumba nyingi za wageni kati ya Sakina na Usa River zenye maradhi yaleyale. Karibu kila mahali nimekuta fedha zimeshamiminwa kwenye rangi, mabati na mashine, na hakuna aliyeuliza swali la kwanza: haya maji yanatoka wapi?

Loji ina vyumba 9. Iko Ilboru, upande wa juu wa mji wa Arusha, kwenye mteremko wa mlima Meru, mahali ambapo mwezi wa Julai jua linaweza kukawia hadi saa sita mchana. Wageni wengi ni wapanda mlima. Hulala usiku mmoja au miwili kabla ya kwenda Kilimanjaro au Meru, kisha hurudi wamechoka, wamelowa, wanataka maji ya moto na kitanda kikavu. Kitanda kikavu ndicho kilichokuwa hakipatikani. Vyumba namba 6, 7 na 8 vilinuka kama sanduku la nguo lililosahauliwa. Ukigusa shuka unahisi ubichi wa nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka. Nyuma ya makabati na kwenye kona za dari palikuwa na madoa meusi, na juma lile lile mgeni mmoja mwenye pumu alikuwa ameomba kuhamishwa usiku wa manane.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Ukungu wa huu mlima utanimaliza."

Huyo ndiye mwenye loji, na hata begi la vifaa sikuwa nimelitua. Lakini neno lile lilinikaa kichwani siku nzima, kwa sababu Kiswahili kinatumia neno moja, ukungu, kwa wingu linalolala juu ya migomba alfajiri na kwa kuvu inayoota ukutani. Mama aliamini, na wafanyakazi wake waliamini, kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja: ukungu wa nje huingia dirishani, hutua ukutani, ukawa ukungu wa ndani. Basi amri ya nyumba ilikuwa kwamba madirisha yasifunguliwe asubuhi mpaka ukungu upande. Julai kuna siku haupandi hadi mchana, na wakati huo vyumba vimeshasafishwa na kufungwa. Amri ile ilitolewa kwa nia njema kabisa, na ndiyo iliyokuwa inavilowesha vyumba.

Tiba zilizokwisha jaribiwa

Mama si mtu wa kukaa na tatizo. Alikuwa amepaka rangi ya mafuta mara mbili, na mara zote mbili madoa yalirudi ndani ya miezi michache. Fundi mmoja alimwambia paa linavuja, akabadilisha mabati ya upande mzima pamoja na kofia. Mwingine akasema maji yanapanda kutoka ardhini, maana Ilboru ina chemchemi na mifereji, akachimbisha mtaro kuzunguka nyumba. Kisha akanunua kiyoyozi cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) na kukifunga namba 7. Wageni walipolalamikia baridi, akanunua hita mbili za gesi, zile za kuwekea mtungi mgongoni, zikawa zinazungushwa kwenye vyumba hivyo vitatu.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichofanywa kipumbavu. Kila kimoja ni jibu sahihi la tatizo fulani, ila si tatizo la nyumba ile.

Nilianza kwa kuuliza vyumba vizima viko wapi. Namba 1 hadi 5 viko mbele, vinatazama mlima, yaani kaskazini. Namba 6 hadi 9 viko nyuma, vinatazama mji, yaani kusini. Arusha iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi mpaka Septemba jua hupita upande wa kaskazini. Ukuta wa kusini kwa miezi hiyo haupati jua. Wageni hulipia zaidi vyumba vya mbele kwa ajili ya kuuona Meru, wala hawajui kwamba wanalipia pia ukuta uliopashwa moto.

Lakini jua peke yake halikutosha kueleza. Namba 9 nacho kiko kusini, na hakikuwa na doa hata moja. Nilikaa mlangoni mwake nikitazama huku na huku, mpaka dada wa usafi, ambaye alikuwa amefanya kazi pale miaka 11, akaniambia bila kusita: "Hiki hakikukarabatiwa, kaka. Hela ziliisha. Na ule ukungu ulianza baada ya madirisha mapya."

Fundi wa rangi, fundi bati, mchimba mtaro, wote walipita mbele yake na ndoo yake mkononi, na hakuna aliyemuuliza. Ningeomba kila fundi anayesoma hapa aanze na mtu anayetandika vitanda, kabla ya kupanda ngazi.

Ukarabati ulikuwa umefanywa miaka miwili nyuma. Madirisha ya mbao yaliyokuwa yanapitisha upepo kwenye nyufa yaliondolewa, yakawekwa ya alumini ya kusukuma, yenye mpira pembeni, yanayofunga kabisa. Matundu ya hewa juu ya madirisha, yale ya tofali zenye vishimo tulizozoea kwenye nyumba za zamani, yalizibwa kwa saruji kwa sababu wageni walilalamika mbu na baridi. Juu ikawekwa dari ya jipsamu. Vyumba vikapendeza sana, na havikuwa tena na njia ya kupumua.

Kutafuta maji yanakotoka

Nilifanya majaribio mawili ya bei ya chini kabla ya kugusa chochote. La kwanza, mpira wa maji juu ya bati kwa nusu saa nzima, mtu mmoja darini na tochi. Hakuna tone lililopita. La pili, karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, nikaibandika kwa gundi ya utepe pande zote nne, moja kwenye sakafu na moja kwenye ukuta wa nje wa namba 7, nikaziacha siku mbili. Maji yakikusanyika chini ya nailoni, yanatoka sakafuni au ukutani. Yakikusanyika juu yake, yanatoka hewani. Siku ya pili ile ya ukutani ilikuwa imelowa kwa juu, upande wa chumba. Chini yake plasta ilikuwa kavu. Mtaro wa mama haukuwa na kosa, ila maji hayakuwa yakipitia huko.

Kisha nikaweka vipima joto na unyevu vinne vidogo, vya betri. Kabla ya kuviamini nilivifungia usiku mzima kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko, pamoja na kisosi cha chumvi ya mezani iliyoloweshwa ikawa kama uji mzito. Hewa iliyofungiwa na chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Vitatu vilisoma kati ya 74 na 77. Cha nne kilisoma 68, nikakiandikia kwa kalamu kwamba kiongezewe 7. Mtu anayepima bila kufanya hivi anaweza kuuziwa mashine kwa sababu ya kipima kibovu.

Vipima vilikaa siku sita: kimoja barazani nje, vingine namba 2, 7 na 9. Alfajiri ya kawaida ya juma lile ilikuwa hivi. Nje nyuzijoto 12, unyevu asilimia 95. Namba 7 nyuzi 19, asilimia 82. Namba 9, kikiwa na wageni wawili vilevile, nyuzi 17, asilimia 70. Namba 2 upande wa jua, asilimia 64.

Mama alipoziona zile namba akasema, "Si umeona? Nje 95." Na meneja naye alikuwa na simu yake yenye hali ya hewa, ikionyesha 95 asubuhi na 50 saa tisa alasiri. Kwao hiyo ilithibitisha kwamba asubuhi hewa imejaa maji na mchana imekauka.

Hapa ndipo kisa chote kilipo, kwa hiyo nitakawia.

Ile asilimia haisemi kuna maji kiasi gani. Inasema chombo kimejaa kiasi gani, na chombo chenyewe hubadilika ukubwa kwa joto. Nilimweleza mama kwa vipimo vya sokoni Kilombero: sado, lile kopo la rangi la kupimia, ikijaa pomoni ina maharage machache kuliko gunia lililojaa nusu. Hewa ya baridi ni sado, hewa ya joto ni gunia. Kwa gramu iko hivi: mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 12 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 10.7 za mvuke. Ikiwa imejaa asilimia 95, ina gramu 10 tu. Hewa ya nyuzi 19 inaweza kubeba gramu 16.3, na ikiwa imejaa asilimia 82 ina gramu 13 na zaidi. Ule ukungu wa Meru, pamoja na kutisha kwake, ulikuwa na maji machache kuliko hewa ya chumbani. Na ile 50 ya alasiri, nje kukiwa na nyuzi 22, ni gramu kama 10 vilevile. Siku nzima hewa ya nje ya Julai ilikuwa na maji yaleyale. Kilichobadilika ni ukubwa wa chombo.

Sasa ukuta. Hewa yenye gramu 13 na ushei ikigusa kitu chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 16 hivi, humwaga umande, kama soda inayotoka kwenye friji. Loji ilikuwa na kile kipima joto cha paji la uso kilichobaki tangu mwaka 2020. Kina swichi ya kupimia vitu, nikakitumia kwenye kuta. Ukuta wa nje ulio wazi: nyuzi 17. Nyuma ya kabati, baada ya kulisogeza kwa shida: nyuzi 14. Kabati lilikuwa limegandamana na ukuta wa bloku za inchi 6, joto la chumba halifiki nyuma yake, na pale palikuwa na umande kila usiku. Wala kuvu haisubiri matone. Uso wa ukuta ukikaa siku kadhaa kwenye unyevu wa asilimia 80 na zaidi, inatosha. Rangi ya mafuta ilikuwa imempa kuvu sakafu laini zaidi ya kutambalia.

Nani aliyamwaga chumbani

Namba 7 ni mita 4 kwa 4, kwenda juu mita 2.7. Hewa yake yote, ikijaa kabisa kwa nyuzi 19, inabeba kama gramu 700 za mvuke. Mtu aliyelala hutoa kwa pumzi na ngozi gramu 40 hadi 50 kila saa. Wawili kwa saa nane ni kama gramu 700. Wageni wawili waliolala tu, bila kuoga wala kuanika soksi, wanatoa kwa usiku mmoja maji ya kukijaza chumba kizima. Kwenye namba 9 yale maji yalitokea kwenye matundu na nyufa. Kwenye namba 7 hayakuwa na pa kwenda ila ukutani, godoroni na kwenye mapazia.

Na wale hawakuwa watu wa kulala tu. Loji ina mizani ya kupimia mabegi ya wanaopanda ndege ndogo za mbugani. Mgeni mmoja aliyeshuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka na mvua ya msituni alikubali tupime vitu vyake: koti, suruali ya mvua, soksi, glavu, buti. Tulivipima vikiwa vimelowa na tukavipima tena vilipokauka. Tofauti ilikuwa kilo 2 na gramu 300. Hayo yote kwa kawaida huanikwa kwenye kiti, mlango wa kabati na fimbo ya pazia, dirisha likiwa limefungwa kwa ajili ya baridi. Vyumba vya kusini ndivyo vya bei nafuu, na wapanda mlima wanaorudi ndio hupangiwa huko.

Bafuni, feni ya kunyonya hewa ilikuwa nzima, inazunguka vizuri. Nilipanda darini kuona inapuliza wapi. Ilikuwa inapuliza mle mle darini. Hakuna aliyeiwekea bomba la kutoka nje. Mvuke wa kila shawa ulikuwa unapanda, unagusa bati lililopoa usiku, na matone yananing'inia chini ya bati safu kwa safu, kisha yanadondokea jipsamu. Madoa ya dari yalikuwa juu ya bafu tu, na ndiyo yaliyomgharimu mama bati jipya. Isitoshe, feni iliunganishwa na swichi ya taa: mgeni akimaliza kuoga anazima taa, na feni inalala wakati inapohitajika kuliko wakati wowote.

Asubuhi, deki. Wadada walikuwa wakimwaga maji mengi kwenye vigae, wanavuta kwa dekio, kisha wanafunga chumba ili kisiingie ukungu. Sakafu ilikaukia ndani.

Kuhusu hita za gesi, nilikuwa mkali, na sijuti. Gesi ya kupikia ikiungua hutoa maji. Kila kilo moja ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Mtungi wa kilo 15 ukiishia chumbani, zaidi ya lita 22 zimeingia hewani humo humo. Mgeni anahisi joto na anafurahi. Ukuta wa nyuma ya kabati unakunywa. Na hilo ndilo dogo. Chumba kilichozibwa kila tundu, na moto unaowaka ndani watu wamelala, ni mtego wa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu usingizini. Nilipokuwa naeleza hilo, mlinzi akasema kwa upole kwamba wakati wa masika waliwahi kukausha namba 8 kwa jiko la mkaa kabla ya mgeni kufika. Nilinyamaza kidogo. Mgeni yule alifika amechelewa na jiko lilikuwa limeshatolewa. Kabla ya jioni hita zote mbili zilikuwa stoo, bila mitungi, na mama mwenyewe aliwakusanya wafanyakazi jikoni akawaambia kwamba mkaa hauingii chumba cha mtu tena, hata kwa dakika tano.

Kiyoyozi nacho nieleze, maana ndicho nilichoitiwa. Kiyoyozi hukausha hewa kwa sababu koili yake ya ndani, yaani bomba lililokunjwakunjwa, inakuwa baridi kuliko kiwango cha umande, mvuke unageuka maji juu yake kama jasho na kutiririka nje kwa mpira. Ili hilo litokee, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, lazima ifanye kazi. Chumba kikiwa na nyuzi 19 na rimoti imewekwa 22, kompresa haiwaki kabisa. Feni inapeperusha tu hewa ile ile yenye maji. Ukiilazimisha kwa kushusha rimoti hadi 16, unampoza mgeni anayelalamikia baridi. Hata Februari, BTU 18,000 kwa chumba cha mita za mraba 16 ni kubwa mno: kinapoza kwa dakika chache, kinajizima, na maji yaliyo kwenye koili yanarudi chumbani kabla hayajatiririka. Cha 9,000 kinachofanya kazi kwa muda mrefu kingekausha vizuri zaidi. Wanaojenga Moshi, ambako kuna joto zaidi, hilo liwakae kichwani kabla ya kulipia.

Dakika 15

Mama alisikiliza yote, akaniambia, "Mwanangu, hesabu zako nimezisikia. Lakini mimi nifungue dirisha ukungu uingie kwa macho yangu?"

Alikuwa na haki ya kuona. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu, wageni wa namba 7 walipotoka mapema kwenda mbugani, tuliingia: mama amejifunga mtandio, dada wa usafi, meneja na mimi. Kipima kilisoma nyuzi 19, asilimia 82. Nje migomba ilikuwa haionekani. Tulifungua dirisha lote na mlango wa koridoni, na ule wa mwisho wa koridoni pia, ili upepo upite. Ukungu uliingia, kweli. Ulionekana ukipita juu ya kitanda na kupotea. Kwa dakika 15 tulisimama tunatetemeka. Kisha tukafunga, nikawasha hita ndogo ya umeme niliyokuja nayo, ile yenye mafuta yaliyofungiwa ndani yasiyoungua, na tukaenda kunywa chai. Saa moja baadaye chumba kilikuwa na nyuzi 18, asilimia 68.

Mama alikishika kile kipima, akakisogeza dirishani, akakirudisha mezani, akasubiri. Kilibaki pale pale. Akamwambia dada, "Kuanzia leo, wakitoka tu, fungua."

Kwa nini chumba hakikupoa mpaka nyuzi 12? Kwa sababu joto kubwa liko kwenye kuta, sakafu na samani. Hewa yenyewe ni nyepesi, ukiibadilisha haraka vitu vinaipasha tena. Ndiyo maana dakika 15 za dirisha wazi kabisa ni bora kuliko kuacha upenyo mdogo siku nzima, ambao unapoza ukuta polepole bila kutoa maji mengi.

Kazi nyingine zilichukua siku tisa. Feni za bafuni tuliziwekea bomba la inchi 4 hadi nje ya ukuta, na swichi ya muda inayoziacha zizunguke dakika 20 baada ya taa kuzimwa. Matundu yaliyozibwa tuliyafungua tena, mawili kila chumba, tukaweka wavu wa mbu ndani na kibao cha kuteleza ambacho mgeni anaweza kukipunguza ila hawezi kukifunga chote. Makabati yalisogezwa sentimita 8 kutoka ukutani. Vitanda vya namba 6 na 8 vilikuwa na ubao mzima chini ya godoro, na magodoro yalikuwa yameota kuvu upande wa chini. Seremala wa Sakina akabadilisha akaweka chaga zenye nafasi. Magodoro mawili yalichomwa. Deki sasa ni kitambaa kilichokamuliwa, dirisha likiwa wazi.

Kuvu yenyewe tuliiondoa mwisho, si mwanzo. Ilifutwa ikiwa imeloweshwa, maana ukiikwangua kavu unasambaza vumbi lake chumba kizima, na waliofanya kazi hiyo walivaa barakoa na glavu. Jiki ilitumika kidogo kwenye vigae. Nilisimama pale kuhakikisha haichanganywi na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Rangi ya mafuta ilikwanguliwa yote, ikapakwa ya maji.

Lililoleta tofauti kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, lilikuwa stoo ya nyuma iliyopakana na tangi la maji ya moto. Tuliitoboa tundu chini na tundu juu, tukafunga kamba na feni moja ya ukutani, tukaweka rafu za buti. Mapokezi humwambia mgeni anayerudi mlimani aache vilivyolowa pale, avikute vikavu asubuhi. Wageni wameipenda kuliko tulivyotarajia. Ni lita mbili kila mtu ambazo haziingii tena chumbani.

Kwa baridi, kila chumba cha kusini kilipata hita ya umeme ya mafuta kama ile, ya wati 1,000 yenye kidhibiti, ikiwekwa nyuzi 19, miezi ya Juni hadi Agosti. Shirika la Afya Duniani linataja nyuzi 18 kama kiwango salama cha chini ndani ya nyumba katika majira ya baridi, na mtu aliyetoka kwenye theluji ya Kibo hapaswi kulala chini ya hapo. Ikiwaka kwa jumla ya saa nne kila usiku ni uniti 4. Gharama ya kazi yote haikufika bei ya vile viyoyozi vitatu. Mwishoni mwa Agosti namba 7 kilikuwa kinaamka na asilimia 66, namba 6 na 8 chini ya hapo.

Aprili

Masika yalitupa somo lingine, nami nilirudi kuyapima kwa sababu nilijua yatakuja. Aprili ile nje kulikuwa na nyuzi 19 na asilimia 95 usiku kucha, siku baada ya siku. Hizo ni gramu zaidi ya 15. Chumbani, nyuzi 22, zilikuwa gramu 16. Ukifungua dirisha unabadilisha maji kwa maji. Zile dakika 15 za Julai hazina nguvu hiyo mwezi huo, na mwenye loji anayezifuata kama sala bila kutazama kipima atashangaa.

Kwa masika tulinunua mashine moja ya kukaushia hewa, ya wati 400 hivi, inayozungushwa chumba hadi chumba mchana, milango imefungwa. Ndoo yake hutoa lita 3 hadi 4 kwa siku. Dada wa usafi ndiye anayeamua iende wapi: niliandika jedwali la gramu kwenye karatasi ngumu, likabandikwa ndani ya mlango wa stoo ya shuka, anasoma nyuzi na asilimia ya nje, ya ndani, analinganisha. Gramu za nje zikiwa chache kuliko za ndani kwa 2 au zaidi, anafungua madirisha. La sivyo anawasha mashine. Nilimkuta akimfundisha binti mpya, na kilichokuwa mezani mbele yao ni sado tupu ya rangi.

Namba 6 na 8 vimepita masika bila doa. Namba 7 bado kina kona moja, chini kushoto mwa dirisha, ambayo imerudia weusi wa ukubwa wa kiganja. Niliibandika nailoni tena, na safari hii maji yalikuwa chini yake. Upenu wa pale ni mfupi, mvua ya upepo inaupiga ukuta moja kwa moja, na plasta ya nje ina ufa mwembamba nisiouona Julai kwa sababu Julai haikunyesha. Tumekubaliana na mama kurefusha bati kwa sentimita 60 na kupiga plasta upya, lakini mvua ziishe kwanza, ukuta ukauke. Mpaka hapo, daftari la mapokezi limeandikwa kwa wino mwekundu kwamba mgeni mwenye pumu hapewi namba 7.